Maneno ya Mama Yangu Kwenye Tangazo la Pamba

Admin, naomba jina langu lisitokee. Umri wangu unakaribia miaka themanini, ni mwalimu mstaafu, naishi hapa Bariadi. Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Nina maneno ya mama yangu ambayo nimeyaficha tangu miaka ya vijiji vya ujamaa. Aliyasema mbele ya wageni, na leo nimebaki peke yangu ninayeyajua. Sasa mjukuu wangu anayataka, na anakuja Jumamosi.

Wakati ule nilikuwa kijana, nafundisha shule ya msingi katika kijiji kipya upande wa Ngulyati. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani, yaani maboma ya familia zao, na mama yangu naye alihamishwa kutoka upande wa Nkololo. Huko aliacha kaburi la baba ndani ya zizi la ng'ombe, maana ndivyo tulivyomzika mwenye mji. Nilimjengea nyumba ndogo karibu na yangu. Alikuja akakaa, lakini chakula changu hakukigusa. Alipika ugali wake mwenyewe kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Mke wangu akimpelekea sahani, alisema, "Asante mwanangu, wape watoto." Kijiji kizima kiliona. Kwetu, mama kukataa ugali wa mtoto aliyemzaa ni jambo zito. Watu hawalisemi mbele yako, wanalisema ukishapita.

Ndipo walipokuja watu wa kampuni moja ya matangazo ya biashara, yenye makao Ulaya na ofisi nchi nyingi. Walipewa kazi ya kuitangaza pamba yetu kwa wanunuzi wa nje. Tulijiandaa kupokea wazungu. Land Rover iliposimama wakashuka wanawake watatu: kiongozi wao Loretta, Mmarekani mweusi mrefu; mwenzake mweusi kutoka Jamaika; na mpiga picha wao, Mhindi. Mzee mmoja akanivuta shati.

"Mwalimu, ulisema wageni wa Ulaya. Huyu mrefu mbona ni binti wa shangazi yangu kabisa?"

"Ni Mmarekani, mzee."

"Basi alipotea zamani. Mwambie arudi nyumbani, mahari yake hatujala."

Nilipomtafsiria, Loretta alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la pamba.

Walikuwa na sharti lao la kazi. Kila picha ya mkulima ilipaswa kuwa na sentensi moja aliyoisema mwenyewe, bila kupambwa. Loretta aliniambia taratibu, "Sisi watatu tumesemewa na watu wengine maisha yetu yote. Kwenye tangazo hili hakuna atakayemsemea mwanamke." Walimchagua mama yangu, kwa ule uso wake na mikono yake iliyojaa pamba. Majirani wakaombwa wasogee mbali. Tukabaki sisi, na kati ya wale wageni hakuna aliyejua Kisukuma wala Kiswahili.

"Muulize nyumba yake mpya anaionaje," alisema Loretta.

Nikamuuliza. Mama hakumtazama mgeni, alinitazama mimi. Akajibu polepole, kama mtu anayekukabidhi mzigo na hataki uanguke. Kisha akasubiri nimfikishie mgeni.

Sikuwaogopa viongozi, walikuwa mbali. Niliona aibu tu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema, mwanangu amenijengea nyumba nzuri, na pamba yangu sasa ni nyeupe kuliko zamani."

Loretta aliyaandika huku macho yamemlowa. Akaushika mkono wa mama, akauweka kifuani pake. Mama aliyaona yale machozi.

Walipoondoka akaniita.

"Umewaambia nilichosema?"

"Nimewaambia, mayu."

"Vilevile?"

"Vilevile."

"Yule mrefu alilia."

"Ndiyo, alilia."

Akachambua pamba iliyobaki kwenye nguo yake. "Umesema mbele ya wageni," akasema. "Basi umekua, mwanangu."

Jioni ile mke wangu alipopakua, mama alikuja, akanawa, akaketi karibu nami, akamega ugali wangu. Mke wangu aliinuka akaenda kulia jikoni. Tangu siku hiyo mama alikula kwangu mpaka alipofariki, na watu wakasema mwalimu ana baraka. Mimi kila tonge alilomega niliona kama nimelipora.

Mjukuu wangu, nimwite Kabula, anafanya kazi Dar katika kampuni kubwa ya namna ileile, ya kimataifa. Timu yao ni wanawake watupu: yeye Msukuma, mwingine wa Ghana, mwingine wa Brazili, mwingine wa India. Wanaandaa maonyesho ya wanawake weusi na Wahindi waliowatangulia katika kazi hiyo, na picha waliyoichagua iwe ya kwanza ni ya mama yangu. Kabula alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Babu, maneno ya Kiingereza tunayo. Nakuja nikurekodi uyaseme kwa Kisukuma, kama alivyoyasema mwenyewe. Wenzangu wanasema hiyo ndiyo sauti yake ya kweli."

Nikasema sawa. Tangu hapo usingizi umenikataa. Nikiurudia uongo kwa Kisukuma, nitakuwa nimemnyang'anya mama hata lugha yake. Nikisema kweli, Kabula atajua babu yake ni nani, na kazi aliyoijivunia mbele ya wenzake itaharibikia mikononi mwake. Tena ninakokwenda mama yupo, na alinisamehe akidhani nimeyafikisha maneno yake.

Ninyi mnaosoma, wengi wenu ni wa umri wa Kabula. Mngekuwa yeye, mngetaka niseme lipi? Niambieni kabla ya Jumamosi.

Maneno yenyewe ni haya, na ndiyo mara ya kwanza ninayaandika. Loretta aliuliza nyumba mpya anaionaje, na mama yangu akajibu: "Muulizeni huyu anayenisemea. Ndiye aliyepanda juu ya nyumba ya baba yake akang'oa nyasi za paa, mimi nikiwa ndani nimekataa kuhama."