Lori la Mama Lilipoacha Kuganda

Mama yangu, nesi mstaafu wa Butiama, alijifunza gemu ya kuendesha malori mwaka aliovunjika mguu. Alichezea kwenye kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu baba. Mguu ulipopona, gemu hakuiacha. Shida ni kwamba kila lori lilipofika kwenye kona, picha iliganda, na ikifunguka lori liko mtaroni.

"Umeweka nini humu?" aliniuliza kila nilipokwenda kumwona. "Zamani ilikuwaga nzuri."

Mfanyakazi mwenzangu hapa Musoma alinielekeza kwa fundi mmoja wa Bunda, mwanamke wa makamo. Nilifungasha CPU kwenye kitenge cha mama nikapanda nayo gari, nimeipakata. Mafundi siwaamini. Niliwahi kupeleka simu ikarudi na betri isiyo yake.

"Iache, kaka, uje kesho kutwa," fundi alisema.

"Nitakaa hapa hapa."

Hakubisha. Alifungua kava, tukakuta vumbi zito kama blanketi, na pembeni ya feni nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Alisema prosesa inachemka, na ikichemka inajipunguzia mwendo ili isiungue. Ndiyo maana lori linaganda. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, nayo ilikuwa ndogo, na diski ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka. Kisha akaichomoa ile diski akaelekea chumba cha nyuma.

Nilisimama. Ndani ya ile diski kulikuwa na maandishi yote ya baba.

"Dada, unaipeleka wapi?"

"Mashine ya kunakilia diski iko ndani."

"Nakuja."

Aligeuka, akarudi akaniwekea bisibisi mkononi. "Kaa hapo kwenye kiti changu. Ufanye mwenyewe. Mimi nitasema tu."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri simu zao waliangalia chini. Niliona aibu, lakini nilikaa. Mashine ya kunakilia aliileta mezani, mbele ya macho yangu. Wakati inahamisha mafaili kwenda kwenye SSD mpya, diski isiyozunguka wala kunguruma, nilibomoa nyumba ya nyigu, nikapuliza vumbi, nikafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka nyingine, kiasi cha punje ya harage kama alivyosema. Niliongeza RAM, nikabana kila skrubu. Mwisho alifungua gemu akapunguza vivuli na ubora wa picha. Diski ya zamani aliitia kwenye bahasha akanipa.

Butiama nilifika mchana. Mama aliwasha, akavuka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilingoja afurahi. Akaachia kibodi.

"Hii siyo ya baba yako."

"Mama, ni yenyewe."

"Ya baba yako ilikuwa inanguruma. Hii imenyamaza. Wamekubadilishia, na wewe ukakubali."

"Nilifunga skrubu mwenyewe!"

"Tangu lini wewe ni fundi?"

Nilimwonyesha bahasha. Aliitia kabatini akafunga kwa ufunguo, kisha akafungua mafaili. Baba alikuwa ameorodhesha ng'ombe wake wote, rangi na mwaka wa kuzaliwa. Mama alisoma orodha nzima kwa sauti, polepole, mpaka kwa jike mmoja ambaye baba alikuwa amemwandika "mwekuntu". Akacheka, akapangusa macho kwa upande wa khanga.

"Ni yeye. Hakuwaga anajua kuandika 'mwekundu'."

Nilidhani yamekwisha. Akanigeukia.

"Na huyo mwanamke wa Bunda, aliyasoma haya?"

"Hakusoma, mama. Nilikuwa nimekaa pale muda wote."

"Hukwenda hata chooni?"

Nilikuwa nimekwenda, mara moja. Sikumwambia.

Jumatatu yake nilimpigia fundi simu kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wanaoleta kompyuta za marehemu wote wako hivyo, kaka," alisema. "Mmoja alilala pale kwenye benchi." Kisha akauliza kama lori linapita kona.

Linapita. Mama sasa anabeba mizigo mirefu. Ila siku hizi, kabla ya kuwasha, huinama kwanza nyuma ya CPU akahesabu skrubu.