Kitanda cha Mbao za Kijani

Agosti 2008, Maombi alikuwa kwa mdogo wake Léontine, Skärholmen, Uswidi, televisheni ilipoonyesha wanajeshi wa Georgia wakishusha masanduku ya kijani ya risasi kutoka kwenye lori la Kirusi la Ural. Masanduku kama hayo, yanayonuka grisi ya bunduki, aliyabeba kichwani miaka ya vita vya Kongo, kwenye uwanja wa ndege karibu na Bukavu. Moja tupu alilichukua, kwa mbao zake akamtengenezea mtoto wa Léontine kitanda. Maandishi ya Kirusi aliona uvivu kuyakwangua. Si yapo chini, nani atayaona? Uvivu, jamani!

Siku moja, Léontine akiwa sokoni, askari waliingia kupekua, wakakipindua kitanda.

"Nani anaiba silaha hapa?"

Maombi alikuwa amempakata mtoto, akainamisha uso. Shemeji yake Gédéon, mume wa Léontine, alimtazama, kisha akasema, "Ni mimi." Wakaondoka naye, hakurudi tena. Léontine alipofika, Maombi alimwambia kuna jirani amemchongea Gédéon.

Sasa Léontine aliyatazama masanduku yale, akahema.

"Dada, yule jirani, mpaka leo nashindwa kumsamehe."

"Mwombee tu," Maombi akasema, akazima televisheni.