Aliyesomewa Kwanza

Da Sabra hakupeleka ukurasa wowote kwenye mashine ya fotokopi kabla ya kumsomea Esperanca kwa sauti. Esperanca, muuza mihogo wa Mahurunga aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, hakujua kusoma. Alisikiliza huku akimenya mihogo yake, kisha akarudia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Asichoweza kukirudia, Da Sabra alikikata kwa kalamu nyekundu.

Vilivyokatwa, mara nyingi, vilikuwa vyangu.

Chumba chetu kilikuwa mjini, mtaa wa Chikongola, nyuma ya fundi cherehani. Jioni walikuja wanawake wabanguaji wa korosho, mikono imebabuka kwa mafuta ya maganda, wakasema yale wasiyothubutu kuyasema kazini. Da Sabra, mbanguaji mwenzao aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeanzisha kijarida, akakiita Mbanguaji. Mimi nilikuja na stashahada yangu ya ualimu nikiamini kwamba mwandishi ni mimi.

Mwaka wa tatu niliandika kurasa mbili kuhusu kangomba, ule ununuzi wa kupimia korosho kwa bakuli nyumba kwa nyumba, nje ya mnada. Zilinichukua wiki mbili. Da Sabra akazisoma. Esperanca akaweka kisu chini.

"Huyu amekasirika," akasema, "ila sijui kamkasirikia nani."

Chumba kizima kikacheka. Zikabaki sentensi nne. Tangu siku hiyo nilikionea wivu hata kigoda cha Esperanca, kwa kuwa kilikuwa karibu na Da Sabra kuliko kiti changu.

Kodi ilipopanda tulikiacha chumba. Sasa wanauza makava ya simu pale. Mbanguaji nacho kikaingia kwenye simu, kikawa cha kusikilizwa, na sauti aliyoichagua Da Sabra ikawa ya Esperanca. Mwaka jana nilikuwa ndani ya bajaji, nikazisikia sentensi zangu nne kwenye simu ya dereva, zimechanganywa na Kimakonde.

"Msikie mama huyu," dereva akasema, akiongeza sauti. "Hamung'unyi maneno!"

Nilishuka kabla sijafika nilikokuwa naenda.

Mwezi uliofuata nilikwenda kijijini Ziwani, kwao Da Sabra, alikorudi figo zilipoanza kumsumbua. Nikamwomba turudishe kijarida cha karatasi, mimi niwe mhariri. Jina la Esperanca sikulitaja.

"Mwalimu, mpaka leo unamwonea wivu?"

"Anayasema yangu kana kwamba ni yake, Da Sabra."

"Sasa nilimsomea ya nini miaka yote ile?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nilipomwona ametulia nikatoa mkobani kurasa tano mpya, nikakohoa kidogo ili nianze kumsomea. Akazifunika kwa kiganja chake. Wiki mbili baadaye tulimzika, na hatukuwa tumezungumza tena.

"Mimi nitakusifu tu, mdogo wangu," alikuwa amesema siku ile, kiganja chake kikiwa bado juu ya kurasa zangu. "Nenda Mahurunga ukamsomee yeye."