Nilivyohudhuria Msiba Wangu Makambako

Jamani, hili jambo nalisimulia mwenyewe kwa sababu Makambako nzima inalisimulia tayari, tena kwa kuongeza chumvi, na aibu ikishakuwa ya mtaa mzima heri uitoe mwenyewe ingali na ukweli kidogo.

Mimi nimecheza netiboli, nimekimbia, nimerusha mkuki (goti hili ni shahidi), na miaka yote iliyofuata nimefundisha watoto jimnastiki, ile watu wanayoiita sarakasi. Shida yetu ni ukumbi. Mzee Mgaya, mzee wa kanisa mwenye funguo, alikataa katakata watoto wa kike kurusha miguu juu mle ndani, ikabidi turuke kwenye nyasi na upepo ule wa kwetu, mtoto akipaa hujui atatua wapi. Nikapanga onyesho la Jumamosi, aje aone mwenyewe, labda moyo utalainika.

Sasa, Ijumaa nikaenda Njombe kwa dada yangu, maana kuna shule ilikuwa inagawa magodoro yaliyochakaa. Nikakodi pikapu. Nafasi ikabaki, nikasema, aa, tuweke na masufuria makubwa ya dada, wageni wapikiwe, na turubai lake pia, mvua isituharibie. Dada akaniambia, "Si upande nawe?" Nikajibu gari litangulie, mimi ninywe chai kwanza, baridi gani hii! Simu nayo ikaisha chaji. Hapo ndipo nilipojiua.

Maana nyie mnajua: magodoro, masufuria na turubai vikishushwa nyumbani kwa mtu na mwenyewe hayupo, kuna cha kuuliza tena? Jirani yangu Mama Tumaini alimuuliza dereva, dereva akajibu, "Mimi nimetumwa na dada yake," akawasha gari akaondoka zake. Mama Tumaini akanipigia, sipatikani. Naishi peke yangu, wa kukanusha hakuna. Akakumbuka wiki ile nilikwenda hospitali Ikonda (goti, jamani, goti tu!), akafunga kanga kiunoni, akapiga yowe.

Nafika jioni, nimejitanda kanga kichwani kwa ajili ya upepo, naona turubai limefungwa uani kwangu, maharage yanachemka, watoto wangu wa mazoezi wamekaa juu ya magodoro wanalia. Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, "Kafariki nani?"

"Yule mwalimu wa kupindua watoto."

Ningesema pale pale yangeisha. Lakini Mzee Mgaya alikuwa amesimama anaongea, nami kwa kiherehere changu nikataka kusikia nasemwaje. "Marehemu alijaribu michezo mingi," akasema. "Netiboli, mbio, mkuki. Haukumtoa kimaisha hata mmoja." Na watu wakaguna kwa huruma, eti ni kweli! Nilikasirika masikio yakawaka moto. Kisha Mzee akaongeza, "Ila watoto wetu aliwapenda. Mimi nilimnyima ukumbi, na leo naumia. Kuanzia sasa ukumbi ni wa watoto wake."

Miaka yote hiyo ya kubembeleza! Furaha ikanipanda, nikasahau kabisa kwamba nimekufa, nikapasua katikati ya watu nikimkimbilia na salamu ya kwetu, "Kamwene, Mzee! Asante sana!"

Mabenchi yakapinduka, maharage yakamwagika, waombolezaji wakapita kila penye upenyo, na Mzee Mgaya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata akiharakisha hatua, akauruka uzio wangu wa matete. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikapaza sauti, "Kunja magoti ukitua!"

Hakukunja.

Onyesho likaahirishwa. Jumatatu nikamfuata kwake, nikamkuta kanyoosha mguu wenye bandeji juu ya kigoda. Nikampa pole, nikamwomba radhi, kisha nikajikaza. "Mzee, na ule ukumbi?"

"Ahadi ile nilimpa marehemu."

"Marehemu si ndiye mimi?"

Akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, bila hata kutabasamu. "Basi, mwalimu, siku ukifa kweli watoto wataupata."

Nimeapa: nikisafirisha godoro tena, hata la mtoto mchanga, nitakaa juu yake njia nzima, watu wanione napepesa macho. Na kuhusu ukumbi, watoto wangu wavumilie tu nyasi. Mimi sina haraka.