Sura Nne za Gari Moja

Miezi ile mama aliyokaa kwangu Soweto, hapa Moshi mjini, alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa jirani na kwenda kuutafuta mlima dirishani. Nilikisikia kile chuma chake cha kutembelea, chenye miguu minne, kikigonga sakafu taratibu, halafu kimya. Nikiinuka ninamkuta amesimama na khanga mabegani, anatazama juu ya mapaa ya bati. Alfajiri kilele huonekana kidogo, cheupe na cha karibu mno, kisha mawingu yanafunga kabla chai haijachemka. Mama hakuwa na habari na theluji. Macho yake yalikuwa chini zaidi, kwenye ule ukanda wa kijani juu ya Kiboriloni ambako ndiko kwetu, kana kwamba kutoka pale angeweza kuona kama mlango wa jikoni kwake umefungwa vizuri.

Alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza kihambani, katikati ya migomba yake mwenyewe, akafanyiwa upasuaji mjini, na daktari akasema nyumbani anaweza kurudi, ila awe anashuka hospitali kwa mazoezi, na asithubutu kupanda daladala wala bodaboda. Kwa hiyo yote yakawa ni gari. Bila gari mama angebaki kwangu, na kubaki kwangu kulikuwa kunammaliza. Nilimpikia mtori, akaonja kidogo, akasema ndizi za sokoni hazimjui mtu. Mchana alisinzia kwenye kiti, na akizinduka aliuliza kama ng'ombe amepewa majani. Ng'ombe alikuwa kwa jirani huko juu, na mama alijua hivyo kuliko mimi.

Kununua gari tu kusingetosha. Mama alikuwa amekataa katakata kubebwa.

"Mimi nimebeba mikungu kichwani mpaka sokoni Kiboriloni, na nyinyi mkiwa mgongoni," aliniambia. "Kubebwa, nitabebwa siku nisiyojua."

Basi likatakiwa gari ambalo ataingia na kutoka mwenyewe, na ile nyonga mpya isiyopenda kukunjwa. Magari marefu yalitaka apande. Madogo kabisa yalitaka ajikunje. Nikaamini jibu liko katikati: saluni ya wastani, ile yenye buti nyuma, ambayo huwezi kuvuka barabara ya Moshi bila kuipisha. Aina niliyoichagua imetoka kwa sura nne tangu ianze kuingia nchini, na mafundi wetu hawahangaiki na miaka. Wanasema sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kama watoto wa mama mmoja.

Nikaanza kuzichunguza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na biashara ya magari haikunisaidia. Dalali mmoja alinisikiliza nikiuliza habari za gia, kisha akageuka kumjibu mwanamume aliyesimama nyuma yangu, mtu wa watu aliyekuwa anasubiri bajaji. Nikawaacha waelewane. Nilirudi nyumbani, nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma, na nilipolala niliota sura zote nne zikishuka polepole kati ya migomba, bila dereva, taa zikiwaka mchana. Katika ndoto hiyo hakuna hata moja iliyosimama.

Krismasi ikafika, na Krismasi kwetu ni kupanda. Mchaga asipoonekana mlimani Disemba huulizwa kama anaumwa. Nina kaka mmoja, mkubwa wangu, anaishi Dar, na yeye alikuwa ameulizwa sana. Miaka kadhaa ilipita bila yeye kuja. Mara kazi, mara safari, mara "mwakani, mama, Mungu akipenda." Safari hii alipiga simu mwenyewe: anakuja, na anakuja na gari. Nilipomuuliza gari gani, akaitaja aina ile ile, sura ya nne, tena namba E, zile mpya kabisa. Mama aliniomba nirudie. Nikarudia. Alicheka peke yake jioni nzima, na mtori akaumaliza.

Mimi na mama tulipanda na gari refu la kukodi. Watoto wa binamu yangu walimnyanyua huku na huku wakamweka kitini kama kabati, na kule juu wakamshusha hivyo hivyo, majirani wakitazama. Alijifunika khanga mpaka usoni. Mimi nilikaa jikoni nikapuliza moto kwa hasira ambazo hazikuwa za moto.

Kanisa letu liko jirani na nyumba, kwa hiyo ibadani alikwenda kwa miguu, na chuma chake, akipumzika kwenye kila ua wa masale. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka uwanjani, kama kawaida: mikungu ya ndizi, kuku, mayai, lita za maziwa. Waliotoka mbali walipandishiana bei kwa sauti ili wasikike. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, umelala juu ya magari ya wageni yaliyojaa kwenye nyasi, na kila ulipopungua kidogo lilitokea jingine ambalo hukujua lipo. Mama aliyatazama muda mrefu.

"Hizo sura zako nne," akasema, "zote ziko hapa?"

Nikahesabu kwa macho. Zote zilikuwepo.

"Basi twende tukakae."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nani atamkatalia mama mzima mwenye chuma mkononi, siku ya Krismasi? Kila tulipofika, mwenye gari alitoa shikamoo na kufungua mlango. Mama alifanya kama alivyofundishwa mazoezini: anageuka, anaanza na makalio, kisha anaingiza mguu mmoja, na mwingine. Halafu anafumba macho. Mimi nilibaki nje kwenye ukungu, nikiuliza maswali yangu.

Sura ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa jirani. Ni gari la pembe pembe, paa juu, kiti kimesimama wima kama cha mezani. Mama aliingia na kutoka kama anayeingia kwake. Ila sakafu ilikuwa imeanza kuliwa na kutu, na mwalimu mwenyewe alikiri kwamba akitafuta kipuri anatafuta kwenye gari lililokufa.

Sura ya tatu ilikuwa ya mwanamke wa Arusha, aliyeolewa kwetu. Pana, kimya, viti vinene. Mama alizama. Alikaa humo akitabasamu na macho yake yamefumbwa, mpaka nikahisi amelala, na kumtoa kukawa ni kuvutana. Mwenye gari akaniambia kwa upole kwamba tumbo la gari limeshakwaruza kila jiwe kati ya lami na kwa mama mkwe wake, na gia zake za kujibadilisha zinachemka kwenye mlima wetu.

Sura ya pili ilikuwa ya kiongozi wa kwaya. Nilikuwa sijaitilia maanani. Haina umbo la kukumbukwa, mviringo kidogo, taa zimefifia zikawa za njano. Mama akageuka, akakaa, akaingiza miguu. Akatoka. Akaingia tena bila kuambiwa. Paa lilikuwa bado juu, kiti kilikuwa kwenye kimo cha magoti yake hasa. Mwenye gari akasema injini ni ya cheni, haina mkanda wa kukatika, shokapu za mbele ndizo huchoka mapema, na mawe ya huku inayapita. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mlango kwa ndani, anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga.

Ningeishia hapo. Lakini sura ya nne ilikuwa ya mwanawe.

Ilikuwa imeegeshwa mbele ya wote, nyeusi, inang'aa hata kwenye ukungu. Kaka, aliyeingia kutoka Dar asubuhi ile na kupitiliza kanisani, alikuja mbio, amevaa suti, akatufungulia mlango kwa madaha. Ni gari zuri, siwezi kusema uongo. Lakini waliolitengeneza walikuwa wanawaza upepo, hawakuwaza mabibi. Paa limelala, kiti kiko chini karibu na ardhi. Kilemba cha mama kikagonga ukingo wa mlango kikakaa upande. Aliendelea kushuka, akashuka, mpaka akafika kitini na magoti yakiwa juu kuliko kiuno.

"Zuri, baba," akamwambia. "Zuri sana. Hebu nifungulie buti, nione kama chuma changu kitaingia."

Kaka akaingia upande wa dereva. Akabonyeza mahali, vifuta-kioo vikaanza kukwangua kioo. Akabonyeza pengine, kikafunguka kifuniko cha mafuta. Akainama chini ya usukani, akapapasa, akatoa simu, akairudisha mfukoni. Mnada ulikuwa umetulia kidogo na watu wawili watatu walikuwa wanatazama. Mimi, nikiwa na ulimi wangu huu, nilikuwa nimeshaandaa la kusema. Mama akaniwahi, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ni la nani, baba?"

Kaka hakuinua uso. "La kukodi, mama. Nimelikodi Dar kwa sikukuu."

Vifuta-kioo vilikuwa bado vinakwenda, kushoto, kulia.

"Na ile miaka mingine?"

"Sikuwa na la kujia." Alisema kama mtoto anayekiri amevunja kibuyu. "Wenzangu wote wanapanda na magari. Ningeshuka stendi na begi, watu wangesema nini?"

Hasira zangu zilinitoka, zikaniacha nimesimama tu. Nilimwona kaka yangu mwenye mvi, suti imekunjamana, akitafuta swichi ya kuzima kitu ambacho hakujua alikiwashaje. Nilimwonea huruma. Miaka yote ile nilidhani ametusahau.

Mama akajaribu kutoka. Akasukuma kiti kwa mikono, akainuka kidogo, akarudi chini. Nikanyoosha mkono wangu. Hakuupokea. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amezunguka gari na kusimama pale mlangoni bila kujua afanye nini na mikono yake, kisha akainua mikono yake yote miwili.

"Nibebe," akasema.

"Mama, si unakataa..."

"Nimesema nibebe. Nimechoka, nataka kwenda nyumbani."

Kaka akainama akamtoa. Akambeba mbele ya usharika mzima, mbele ya mnada na mikungu yake, mbele ya magari yote, na mama akamshika shingoni, kilemba bado kiko upande, anawapungia watu mkono kama bibi harusi. Mimi nilifuata nyuma na kile chuma. Ukungu ulikuwa umewafunika kabla hawajafika kwenye ua wa kwanza, na nilichoona ni viatu vya mama tu, vikining'inia.

Baada ya sikukuu tulirudi Soweto, na mwezi uliofuata nikanunua sura ya pili. Dalali alishangaa kuona kabla ya kugusa boneti naleta bibi akae. Nilimwambia huyu ndiye fundi wangu. Mtu akiniuliza leo anunue ipi kati ya hizo nne, namwambia ya pili, na nikiwa na nafasi namweleza habari za cheni na shokapu. Ila kwanza namuuliza nani atakaa ndani.

Mama alirudi kwake kabla ya mvua za masika. Siku ya kuhama aliingia garini peke yake, akafunga mlango peke yake, na tulipoiacha lami alifungua kioo akatoa mkono nje. Tulipanda polepole sana. Mwanga uliopita kwenye majani ya migomba ulikuwa unamchezea usoni, na sikumbuki kama tuliongea. Nilikuwa na furaha iliyonifanya niogope kubadilisha gia.

Wiki ya Pasaka aliniambia nimpeleke stendi ya Moshi. Hakusema kuna nini, na mimi nikadhani ni dawa zinazotoka Dar. Tulikaa garini tukitazama mabasi yakiingia. Kutoka kwenye mojawapo akashuka kaka, fulana imeloa jasho, begi begani, miguu imevimba kwa safari. Mama akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, na mwingine, akasimama. Mimi sikumgusa. Kaka alimwona akiwa amesimama pale peke yake katikati ya wapiga debe, akaweka begi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, safari hii sina hata gari."

"Gari lipo," mama akasema, akamfungulia mlango. "Tulikuwa tumekosa mtu wa kukaa nyuma. Panda."