Seremala wa Majeneza na Kiti cha Washairi

Kumepambazuka Karungu, na Mayaka Monari anapiga randa ubao wa saiprasi huku maji ya mvua yakipita chini ya meza yake. Jeneza hili linatakiwa kabla ya adhuhuri. Jingine linangoja kifuniko. Mkewe, Moraa, amekaa mlangoni katika kiti kikubwa cha mvule, amejifunika blanketi, anamtazama.

"Zamani nilikuwa natengeneza vitanda na makabati," aniambia Mayaka, aliyetoka Kisii kuja kutafuta riziki huku ziwani. "Siku hizi ni sanduku tu. Wiki mbaya natoa saba. Huu ukimwi umetumaliza."

Kazi anayo tele, ila watu wanamkwepa. Akiingia hotelini, wateja humaliza chai haraka.

Ndiyo maana hatausahau mwaka huu wa 1997, mwaka aliopewa kazi ya watu walio hai.

Aliyempa ni Sista Gwenllian, muuguzi mzee kutoka Wales, mwenyeji wa Karungu kiasi cha kugombana na wachuuzi kwa Kijaluo. Machi mosi, sikukuu ya kwao, aliingia karakanani amebandika kifuani jani la kitunguu, alama ya kwao. Mayaka akadhani jua limempanda kichwani.

Sista akamweleza kuwa kwao kila Agosti watu hushindana kwa nyimbo na mashairi katika lugha yao, lugha ambayo zamani watoto walivishwa kibao shingoni kwa kuisema shuleni. Mshairi bora hukalishwa kwenye kiti alichochongewa. Alitaka Karungu nayo iwe na mashindano hayo, na Mayaka achonge kiti.

"Hiyo ya kibao nilielewa mara moja," asema Mayaka. "Hata mimi nilivaa, kwa kusema Kikisii."

Akachonga kila jioni baada ya majeneza. Moraa anasema alimsikia akiimba, jambo ambalo mumewe alikuwa amelisahau.

Agosti uwanja wa kanisa ulijaa. Nyasuguta, mama kutoka Kegonga anayeuza dagaa wa omena hapa, aliwashinda wote kwa utungo wa mzazi anayezika wanawe mmoja baada ya mwingine. Watu walilia waziwazi. Lakini alipoitwa akalie kiti, alikitazama, kisha akamtazama aliyekichonga.

"Fundi, mimi na wewe tutaonana," alisema, "lakini si leo."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kurudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kukikalia, hata wazee wa kanisa. Sista, katika kupoza mambo, akasimulia kuwa hata kwao, wakati wa vita vikuu, mshindi aliitwa kumbe ameshauawa vitani, na kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Hapo akaharibu kabisa.

"Nilikibeba kichwani hadi nyumbani, watu wananipisha njia," asema Mayaka. "Aibu ilinimaliza. Nilichukua shoka nikipasue kuni."

Moraa, aliyekuwa ameanza kuugua, ndiye aliyemzuia. "Nilimwambia, Baba Nyaboke, weka hiyo shoka," akumbuka. "Hao wanaogopa siku yao. Yangu naijua haiko mbali. Acha nikae." Tangu hapo kiti ni chake.

Septemba Sista alikuja mbio na redio mkononi. Kwao walikuwa wamepiga kura, na kwa tofauti ndogo sana wakakubali kuwa na bunge lao. Alilia, akacheka, akaapa mashindano yatarudiwa Agosti ijayo.

Mayaka amekubali kuchonga tena. Safari hii atafanyia kazi sokoni, kila mtu aone kuwa mbao si mabaki ya majeneza. Moraa naye anatunga. "Anataka ushindi wa bure," asema mumewe, akijaribu kutabasamu. "Nimemwambia ashindane kama wengine."

Nyuma ya nyumba kuna mbao safi za mvule zilizofunikwa kwa turubai. Wateja wameziomba, amekataa kuziuza. Nikimuuliza ni za nini, anarudi kwenye randa yake.

Wenye jeneza wanafika, naye anatoka kuwapokea mvuani. Moraa ananivuta mkono.

"Zile mbao nimeziona," anong'ona. "Yeye hajui kama najua ni za sanduku langu. Mwambie azitumie kwa kiti kipya."