CD za Bure na Ndege wa Katilu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ndogo mjini Lodwar, na kompyuta yetu pekee ilikuwa na wachumba wawili. Walikuwa brauza, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti. Mmoja alikuja ndani ya mashine tangu dukani, na kila asubuhi aliniuliza kama namkubali awe wangu wa kila siku. Nikikataa, kesho anauliza tena. Nilimkubali ili anyamaze. Yule wa pili alijileta kwa CD za bure. Kila gazeti la kompyuta tulilogawiwa na wafadhili lilikuwa na CD yake ndani.

Mama yangu, aliyelima mtama kando ya mto Turkwel kule Katilu, alizipenda zile CD kuliko mimi. Alizifunga uzi akazitundika shambani. Zikipigwa na jua, ndege walitimua mbio. Nilimpa zote, nikafurahi kuona meza yangu imepumua.

Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka kusini mwa Sudan, mwalimu katika kambi ya Kakuma. Alinisalimu "ejok" kama mwenyeji. Vita vilikuwa vimemtenganisha na mdogo wake wa kiume, na hakujua kama yu hai. Sasa alikuwa amesikia kwamba kanisa moja ng'ambo limeweka picha za wakimbizi kwenye intaneti, na mmoja wao anafanana na huyo mdogo wake.

"Dada, mi nataka ona uso tu," akaniambia.

Tukafungua. Badala ya uso tukapata maandishi: ukurasa huu unataka brauza ile nyingine. Nilikasirika mpaka nikaitukana kompyuta kwa Kiturkana. Watu wanagombania wateja huko kwao, halafu dada wa watu huku ananyimwa uso wa ndugu yake! Kuivuta brauza yenyewe kupitia simu yetu haikuwezekana, maana laini ilikatika kila mara.

Nilimtuma dereva wa lori Katilu kwa mama, akaniletee zile CD. Mgeni wangu akalala kwangu akimngojea. Dereva aliporudi alinipa CD tatu zenye vumbi na mavi ya ndege, pamoja na salamu za mama: "Ambia yeye arudishe haraka. Mtama haijaiva na ndege iko mingi."

Mbili zilikuwa zimekwaruzwa na upepo, mashine ikazitema. Ya tatu ikakubali.

Picha ilishuka polepole kutoka juu. Anga, nywele, kisha paji la uso lenye chale za watu wao. Moyo wangu haukutulia, kwa sababu Kakuma ilijaa wanaume wenye chale kama hizo. Kabla macho hayajafika, laini ikakatika. Nikapiga meza kwa hasira.

"Wacha, dada," akasema. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, juu ya chale ya chini. Ilikuwa imepinda. "Siku ya kukatwa alitingishika. Watu ilicheka yeye mpaka akakataa kutoka nje. Mimi ndio nilifuta damu."

Akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Alikuwa anaficha hii na kofia," akasema. "Ni yeye. Iko hai."